Kama unataka kuita mutoto Kahindo, hesabu kwanza

Wiki ile ingine jirani yangu wa hapa Mabanga, mama moja ya Bukavu mwenye aliolewa huku Goma kwa Wanande, kabila yetu ya Butembo, Beni na Lubero, aliniingilia mu nyumba na mutoto yake ya siku tisa mu kitenge, akaniambia dada, jina nimeshapata, nitamuita Kahindo, inasikika muzuri mu masikio. Nikamuuliza huyu ni ya ngapi. Akasema ni ya kwanza. Nikacheka mpaka chai ikanimwangikia ku muguu, nikamuambia "sasa kaka yake umemuacha wapi?" Akaniangalia sawa mutu mwenye anaona jirani amerukwa na akili.

Njo nikaona niandike hii, juu haiko yeye peke yake. Batu banapenda majina ya kwetu, ni muzuri sana, lakini banayachukua sawa vile unachukua robo ku soko, unaangalia rangi, unaangalia bei, unaweka mu sakosi. Kahindo mutu hayichagui, hesabu njo inayichagua.

Tuanzie ku maana. Mu Kinande kuna mzizi hind-, ya kugeuka, ya kubadilika. Mwenye anasikia Kinyarwanda atashika mara moja, guhindura, guhinduka, ni damu moja. Kahindo ni binti mwenye amekuya kugeuza: tumbo ya mama ilikuwa inaleta batoto banaume, moja ao wawili ao watano, kisha ikageuka ikaleta binti, ule binti ya kwanza kisha bakaka njo Kahindo. Upande ingine ni vile vile, mama alikuwa anazaa babinti tupu, siku moja kijana akatokea, ule ni Muhindo. Muhindo Nzangi mwenye aliitwa minisitri ya iniversite mu 2021, jina yake ya mbele ni hiyo hiyo.

Na ile ka- ya mbele, angalia muzuri, iko mu majina yetu mingi. Bakonzo ba ngambo ingine ya Rwenzori, kule Kasese mu Uganda, ni bandugu zetu, luga ni karibu moja, mukikutana munasikilizana bila mukalimani. Bao banasema Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Siye huku tunasema Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Ka- mu Kinande ni ya kufanya kitu kakuwe kadogo, na mutoto si ni kadogo, kwa hiyo mimi naisikia sawa kubembeleza. Kitu moja tu ya kuangalia: bale ba Uganda banapatia jina Muhindo hata binti. Huku kwetu ukiandika Muhindo ku karatasi ya binti, mutu ya ofisi atakuandikia "M" ya mwanaume bila kuangalia mutoto, na utalia.

Sasa ginsi ya kuhesabu, hapa njo kwenye batu banapotea.

Kwa Wanande majina ya kuzaliwa inafuata mustari. Mama akianza na binti, ule binti ni Masika. Ya pili Kavira, kisha Kavugho, kisha Mbambu, kisha Katungu. Banaume nabo biko na mustari yao, ya kwanza Nzanzu ao jina ingine, ya pili Kambale, ya tatu Kasereka, ya ine Kakule, ya tano Katembo, ya sita Mbusa. Vijiji havifanane kabisa, kuna kwenye jina moja inaruka nafasi, kuna kwenye mukubwa biko na majina mbili tatu ya kumuchagulia, njo maana sikupatii hii mustari sawa hesabu ya masomo, nakupatia juu ujue Kahindo inaingilia wapi. Inaingia pa fasi ya Masika. Nyumba yenye ilianza na mwanaume haina Masika, iko na Kahindo. Nyumba yenye ilianza na binti haina Kahindo, hata bazae kumi. Ukisikia mutu anakuambia mukubwa yetu ni Masika na mudogo yake ni Kahindo, ujue kuna mama wawili mu ile stori, ao kuna mutu alipenda jina tu sawa jirani yangu.

Tena binti mwenye anafuata Kahindo haiko Kahindo ya pili. Mustari inaendelea, atakuwa Kavira ao yenye bazee batasema. Kugeuka ilishageuka.

Unahesabu kwa nani, kwa baba ao kwa mama? Kwetu tunahesabu kwa mama, juu tumbo njo inageuka. Baba akiwa na babibi wawili, kila moja iko na mustari yake, na unaweza kuta mu lupango moja Kahindo wawili ba baba moja, hakuna mwenye anashangaa.

Na usiruke mwenye alikufa. Hii naisema kwa nguvu juu najua.

Mimi mwenyewe ni Kahindo. Na nyumbani mimi njo mukubwa, hakuna mutu mbele yangu, nilikuwa nalea badogo zangu nikijua mimi njo nilifungua tumbo ya mama. Nilikuwa na miaka kama kumi na moja, tulikuwa likizo Butembo kwa koko, tumekaa chini ya mulango tunachambua maharagi, nikamuuliza tu hivi, bila kufikiri, koko, kwa nini mimi ni Kahindo na si Masika? Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe moja, akaitupa. Akatoa ingine. Kisha akasema, kaka yako alikuwa Nzanzu, alikaa miezi ine, surua ikamupeleka. Nikasema mama hajawahi kuniambia. Akasema, si alikuita Kahindo? Ni hivyo tu, akarudia maharagi yake. Nilirudi Goma nikaangalia mama yangu miezi mingi kabla ya kumuuliza, na siku nilimuuliza alinitajia tarehe ya kuzaliwa ya ule mutoto bila kufikiri hata sekonde.

Kwa hiyo mama mwenye alipoteza mutoto mwanaume, na sasa amepata binti, batu bamoja mu nyumba batamuambia muite Masika, tusahau, tuanze upya. Muache mama aseme. Lakini ajue kama mutoto akiitwa Masika, ule wa mbele anafutwa mu hesabu, na kule kijijini bazee batakuya kuuliza tu.

Nani ya kuuliza kabla ya kukata shauri? Koko mubibi ya upande wa baba kama iko. Shangazi mukubwa. Bababa banajua kidogo sana, banaume banakumbuka paka majina ya banaume. Uliza mapema, mimba ikiwa na miezi saba nane, juu mutoto akishazaliwa kila mutu iko na jina yake mu mufuko na kelele inaanza. Piga simu Butembo, Lubero, Beni, kwenye bazee biko, ao tuma odio ya WhatsApp, bazee ba siku hizi banapenda odio, bataleta jibu ya dakika kumi, dakika mbili ni jina na dakika nane ni kukuuliza juu ya mukwe.

Kama baba si Munande, hapa kunaomba akili kidogo. Mutoto ni ya upande wa baba, na bao biko na majina yao. Bashi biko na ba Nsimire na ba Nabintu, Bahunde na Banyarwanda na Balega kila moja na yake. Kitu yenye nimeona inatembea muzuri ni kupatia upande wa baba jina ya mbele na Kahindo ikakuwa ya pili. Hesabu inabaki ya kweli juu tumbo ni ya Munande, na bakwe habasemi umebaibia mutoto. Lakini msiifanye kwa siri, itajulikana siku ya ubatizo, na siku ya ubatizo haiko siku ya vita.

Wa Goma ataniuliza sasa, hii jina si imezeeka? Si ni ya bakoko? Apana. Fanya hesabu hii na kifuniko ya soda: rusha, upande moja mwanaume, upande ingine binti. Mama mia moja, karibu nusu bataanza na mwanaume. Kati ya hao hamusini, karibu nusu mutoto ya pili itakuwa binti. Tayari uko na karibu Kahindo ishirini na tano mu mama mia, na hatuyahesabu bale ba kungojea, bale benye balizaa banaume watatu mbele ya kupata binti. Ni vile njo maana jina haipiti na moda. Ba Plamedi na ba Merveille balikuya na musimu wao, kesho batakuya bengine, lakini tumbo zitaendelea kugeuka. Simama ku soko ya Virunga saa ine ya asubuyi, ita "Kahindo!" na sauti ya kukasirika, hesabu vichwa vyenye vitageuka. Mimi mwenyewe nauzisha vitenge pale na kila siku nageuka mara tano sita bure. Na haiko soko tu. Nenda Kasindi ku mupaka, nenda Bunia, nenda Kisangani kwenye bachuruzi bao biko, jina inatembea na magunia ya vitunguu na maharagi.

Lakini ile wingi njo taabu yake pia. Mu kalasi yetu ya secondaire tulikuwa ba Kahindo wane, mwalimu alikuwa anatuita kwa namba. Kama unampatia mutoto Kahindo, jina ya pili isiwe ya kujaza fasi. Usimuite Kahindo Neema, ba Kahindo Neema bamejaa Goma nzima, na siku matokeo ya exeta, mutihani ya mwisho ya secondaire, inatoka bote banafurahi na moja tu njo alipita. Tafuta jina ya koko, ya babu ya zamani, jina yenye mu kartie yako hakuna mutu iko nayo. Jina ya ukoo inasaidia tena juu Kahindo peke yake inasema mutoto alizaliwa wa ngapi, haisemi ni ya nani.

Na prenomu, ile jina ya kizungu? Weka, hakuna shida, lakini hii desturi ya majina tatu tatu iko na stori yake. Mu 1971 inchi ikakuwa Zaire, mwaka wa 1972 Mobutu akaacha Joseph-Désiré akakuwa Mobutu Sese Seko, na majina ya kizungu yakakatazwa. Mama yangu alizaliwa mu ile wakati, ku karatasi yake kuna majina mbili za Kinande tu, ya ubatizo ilikuwa ya kanisani na ya mulango kufungwa. Leo anaitwa Mama Jeanne na kila mutu lakini ku kadi ya elekta, ile ya kupiga kura, hakuna Jeanne popote, na kila mara biko namutumia makuta kwa jina ya Jeanne, anaenda, anarudi mikono mitupu. Sheria ya familia ya 1987 yenye tunatumia mpaka leo, yenye ilirekebishwa mu 2016, inasema ku artikle ya 58 majina inatoka mu utamaduni ya Kongo, na haipashwi kuwa ya matusi, ya kushusha mutu ao ya uchokozi. Kahindo inapita pale bila mutu kuuliza.

Sasa ofisi. Hapa niko na hasira kidogo, munisamehe.

Mutoto anaandikishwa ku eta sivil ya komine, ofisi ya kuandika kuzaliwa na ndoa, na muda ni siku 90 tangu azaliwe, na mu ile muda ni bure. Bure. Siku ya 91 inabidi upitie tribinali kutafuta hukumu ya kusaidia, na pale kuna malipo, kuna kurudi kesho, kuna "mukubwa ametoka". Kwa hiyo usingoje mpaka jina ipendeze kila mutu mu famii. Beba karatasi ya materinite, beba kadi za bazazi, na kama muliowana ku leta, kwa serikali, beba ile karatasi pia.

Ku karatasi ya materinite angalia jina hapo hapo ungali ku kitanda. Mara mingi banaandika "mutoto ya fulani" tu, hiyo haina shida. Shida ni pale infirmiye anaandika jina vile anaisikia. Kahindo iko na H, na ile H inapumua, Ka-hi-ndo. Lakini mutu mwenye alisoma mu Kifaransa hasikie H, mu Kifaransa H ni bubu, anaandika Kaindo na anaendelea na kazi. Wengine banaandika Kayindo. Wengine, sijui njaa ao nini, Kahido.

Mudogo ya mama yangu, tumuite tantini juu hatapenda nimutaje, ofisi moja ilimuandika Kaindo. Hakuna mutu aliangalia. Ku masomo alikuwa Kahindo juu yeye mwenyewe alijua kuandika jina yake, diplome ikatoka Kahindo. Siku alipata kazi balimuomba karatasi ya kuzaliwa na diplome, balizilinganisha, bakamuambia hawa ni batu wawili. Kwa herufi moja. Na sheria haicheki, artikle ya 64 inasema huwezi badilisha jina, wala ginsi inaandikwa, wala mustari ya majina vile ilitangazwa ku eta sivil, paka tribinali ikubali na sababu ya kweli. Alitembea miezi na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Kazi ilipatiwa mutu mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Nyumbani, kabla ya kutoka, andika jina yote ku kipande ya karatasi na herufi kubwa, KAHINDO, kisha jina ya pili, kisha prenomu, vile vile unataka ifuatane. Usiseme jina na mudomo, toa karatasi, weka mbele ya mutu ya ofisi, muambie papa, andika sawa hii. Atakasirika kidogo, bacha akasirike. Akimaliza, kabla hajaweka kashe, soma herufi moja moja na kidole, na tarehe, na ile fasi ya jinsia juu ya ile M yenye nilisema. Kashe ikishapiga ni mwisho. Kisha piga foto ya karatasi na simu, ujitumie mwenyewe ku WhatsApp, tuma na kwa shangazi. Siye ba Goma tulikimbia volkano mu 2002, tukakimbia ingine mu 2021, na tumekimbia vitu bingine, tunajua karatasi ginsi inabaki mu nyumba na mutu anatoka na sufuria.

Majina ya kufupisha usipeleke ofisini. Nyumbani bananiita Kahi, kuna benye banaitwa Hindo, ni tamu, ibaki nyumbani.

Nirudie kwa jirani yangu. Jioni tukapigia mama-mukwe yake simu, iko Lubero, reso ilikuwa inakatika katika, tukaweka oparleri. Jirani akamusalimia muzuri, akamuambia mama, nilitaka kumuita Kahindo. Kukanyamaza, tukafikiri reso imekatika tena. Kisha tukasikia mubibi anacheka, na nyuma yake batu bengine banacheka, inaonekana nyumba nzima ilikuwa inasikiliza. Akasema ule ni Masika, na jina ya pili ni ya mama yangu, akaitaja, nikaiandika ku mugongo ya karatasi ya materinite na H yake yote, juu nayo ilikuwa na H.

"Na Kahindo yangu, mama?" jirani akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Kahindo utamupata kwa bibi ya Muhindo," mubibi akasema. "Wewe sasa tuletee Muhindo."

Bwana yake alikuwa amesimama ku mulango na mutungi ya maji. Alitoka tena inje na ile mutungi, bila kuituwa.